Kabla Hujaandika Historia ya Bendi Isiyovuma: Mfano wa Edge of Sanity

Anayeanza kuandika historia ya bendi ya muziki wa metali ya Skandinavia hukimbilia wasifu wa mwanzilishi, kisha anapanga albamu kwa mwaka uliochapwa nyuma ya kasha. Kwa bendi kubwa utapona, maana wapo wengi waliokwisha kukusahihishia makosa. Kwa bendi isiyovuma hakuna aliyepita mbele yako. Kosa utakaloandika leo ndilo wenzako watakalonakili kesho, na baada ya miaka mitano litakurudia wewe mwenyewe likiwa limegeuka ushahidi.

Tuchukue Edge of Sanity. Ilianzishwa mwaka 1989 Finspång, mji mdogo wa viwanda katika mkoa wa Östergötland, Sweden, na anayetajwa zaidi ni Dan Swanö, mwimbaji wake. Wengine walikuwa Andreas Axelsson na Sami Nerberg kwenye magitaa, Anders Lindberg kwenye besi na Benny Larsson kwenye ngoma. Majina hayo matano yaandike kabla ya kitu kingine chochote. Historia nyingi za bendi hii husomeka kana kwamba Swanö alikuwa peke yake, na ukianza hivyo hutaelewa kabisa kilichotokea 1997.

Fungua jedwali lenye safu nne: lini ilirekodiwa, lini sauti zake zilichanganywa, lini ilitoka, na umejuaje. Safu ya nne ndiyo watu huiruka, na ndiyo itakayokuokoa mtu akikubishia. Kati ya kurekodi na kutoka huweza kupita mwaka mzima, kwa sababu lebo ndogo, yaani kampuni zinazotoa muziki, husubiri fedha, picha ya jalada au nafasi kiwandani. Albamu ya kwanza ya Opeth, bendi nyingine ya Sweden, iitwayo Orchid, ilirekodiwa 1994 katika Unisound, studio ya Swanö, ikatoka 1995. Sasa mtu anaandika kwamba Opeth waliisikia kwanza Purgatory Afterglow ya Edge of Sanity, ya 1994, ndipo wakaingia studio. Akiangalia miaka ya kutoka, inapendeza. Akiangalia mwaka wa kurekodi, hoja imeanguka, au angalau haiwezi kusimama mpaka apate miezi.

Studio nayo ipewe ukurasa wake. Katika Unisound zilirekodiwa pia Dance of December Souls ya Katatonia, nayo bendi ya Sweden (1993), na Morningrise ya Opeth (1996). Studio hiyo ilianzia Finspång ikahamia Örebro, kwa hiyo jina la studio peke yake halikuambii mji. Ukichora ramani ya nani alirekodi wapi na mwaka gani, utaona kwa nini Mikael Åkerfeldt wa Opeth anasikika kama mgeni ndani ya Crimson, albamu ya Edge of Sanity ya 1996. Hakuna muujiza hapo: watu walewale, vyumba vilevile.

Baada ya jedwali, shika kitu chenyewe mkononi. Geuza sidi, iinamishe chini ya taa ya mezani mpaka mwanga uipige kwa mshazari, usome pete ya ndani karibu na tundu. Utakuta namba ya kiwanda, na pengine herufi IFPI, kifupi cha shirikisho la kimataifa la tasnia ya rekodi, zikifuatwa na alama chache. Moja huwa kwenye pete inayong'aa, nyingine kwenye plastiki angavu karibu zaidi na tundu. Alama hizo zilianza kutumika 1994. Basi ukiuziwa Nothing but Death Remains, albamu yao ya kwanza ya 1991, ukaambiwa ni chapa ya kwanza kabisa, na pete ina IFPI, muuzaji amekosea au anakukosesha. Kinyume chake si kweli: kukosekana kwa alama hakuthibitishi kwamba sidi ni ya 1991, kwa sababu viwanda havikuanza kuzitumia siku moja. Andika namba ya pete kama ilivyo, hata nafasi kati ya herufi.

Kaseti zina mtego wao. Kabla ya mkataba na lebo ya Black Mark, iliyotoa pia kazi za bendi ya Bathory, Edge of Sanity ilitoa demo, yaani rekodi za majaribio, kama Kur-Nu-Gi-A (1990). Demo za namna hiyo zilisambaa kwa posta, mtu anamnakilia mwenzake, naye anamnakilia mwingine. Kila mashine ina mwendo wake. Mashine ya kuchezea iliyokwenda kasi kwa asilimia 3 hupandisha sauti kwa takriban robo toni, na wimbo wa dakika 20 unatoka na dakika 19 na sekunde 25. Ukipima nakala mbili za demo moja zikatofautiana hivyo, usitangaze kwamba umegundua toleo jipya. Tafuta kwanza kama tofauti ni ya uwiano uleule wimbo kwa wimbo. Ikiwa ndivyo, ni mashine. Ikiwa wimbo mmoja tu ndio unaotofautiana, hapo pana la kuchunguza. Vilevile usiandike bendi ilifunga nyuzi kwenye sauti gani kwa kusikiliza nakala ya nakala.

Katika kutafuta nyaraka, Sweden imekurahisishia kazi. Tangu 1979 sheria ilitaka nakala za rekodi zinazotolewa nchini ziwekwe kwenye hifadhi ya sauti na picha, na hifadhi hiyo iliingizwa Kungliga biblioteket, maktaba ya taifa, mwaka 2009. Katalogi yake inaitwa Svensk mediedatabas. Usitarajie kukuta kila demo ya kaseti humo. Tafuta kwa herufi zao halisi, yaani å, ä na ö. Kwa Waswidi hizo si a na o zilizopambwa, ni herufi kamili zinazokaa baada ya z, kwa hiyo katika orodha ya majina Åkerfeldt yuko kuelekea mwisho, baada ya wote wa Z. Jifunze pia maneno machache: inspelad ni iliyorekodiwa, utgiven ni iliyotolewa, sång ni uimbaji, trummor ni ngoma, replokal ni chumba cha mazoezi. Hayo matano yanatosha kusoma nusu ya maelezo ya kasha.

Sasa neno "progresivu", yaani muziki wa nyimbo ndefu zinazobadilika-badilika. Usilibandike tangu 1989. Albamu ya 1991 ni metali ya kifo (death metal) ya kawaida, nzito na ya haraka. Unorthodox (1992) inaanza kunyoosha nyimbo. The Spectral Sorrows (1993) ina wimbo wa bendi ya Manowar waliourudia na pia "Sacrificed", wimbo wenye harufu ya roki ya kigothi ambao uliwaudhi wengi. Sikiliza kwa mpangilio huo, ukiandika dakika na sekunde ya kila badiliko: hapa sauti safi, hapa kibodi, hapa kasi imeshuka. Ukifika Crimson (1996) utakuwa na kitu cha kusema zaidi ya kwamba ni ndefu.

Crimson ni wimbo mmoja wa dakika 40, na kwenye sidi ni wimbo namba 1 tu, huwezi kuruka mbele kwa kitufe. Simulizi yake ni ya siku zijazo ambapo binadamu hawazai tena. Angalia hapa jinsi chombo kinavyotawala muziki: upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika 20 na ushei, kwa hiyo kwenye santuri lazima ikatwe. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 unaimeza yote na dakika 5 zinabaki. Ndiyo maana ukiisikiliza kwa uchambuzi, igawe wewe mwenyewe: weka alama pale riffu, yaani kipande kifupi cha gitaa, ya zamani inaporudi, maana riffu kurudi ndiko kunakoushikilia wimbo usimwagike.

Mwaka 1997 ndio unaowaangusha wengi. Zilitoka albamu mbili kwa jina lilelile la bendi: Infernal, Swanö akiwamo, na Cryptic, yeye akiwa ameondoka na Robert Karlsson akiimba. Kwa masikio yetu Infernal tayari ni kama ngoma inayochezewa na vikundi viwili, ila hilo ni sikio, si ushahidi. Ushahidi ni majina ya watunzi, wimbo kwa wimbo, na usiyajumlishe kwa albamu nzima. Mahojiano ya baadaye yatumie kwa hadhari. Anayeondoka na anayebaki husimulia vitu viwili, na wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Halafu kuna Crimson II ya 2003. Jina la bendi ni lilelile, lakini Swanö alipiga vyombo vingi mwenyewe na kualika wageni, akiwamo Mike Wead kwa solo za gitaa. Katika jedwali la wanachama usiunganishe mstari kutoka 1997 hadi 2003 kana kwamba bendi iliendelea kufanya mazoezi. Acha nafasi tupu, anza mstari mpya, na Axelsson, Nerberg, Lindberg na Larsson waishie pale Cryptic inapoishia.