Shangazi wa Vitabu: Kaka kamwacha, nami nimekifunga kitabu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwenzangu kazini kaniazima riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives, ya Kiingereza. Nilianza vizuri. Ilyas anarudi kijijini kwao, anakuta wazazi wameshafariki na mdogo wake Afiya anatumikishwa nyumbani kwa watu. Anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika, nikafurahi mpaka machozi. Halafu Ilyas huyohuyo anajiandikisha askari wa Mjerumani, na mtoto anarudishwa kwa watu walewale! Wiki ya tatu hii kitabu kiko juu ya friji. Mimi na kaka yangu tulilelewa mbalimbali, yeye kwa bibi Lushoto, mimi na mama hapa. Labda ndiyo maana. Niendelee, au nimrudishie mwenyewe? Na majina yote hayo nitayashikaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilipofika hapo nilikuwa ndani ya basi la Tanga. Nilisonya hadi abiria wa pembeni akadhani namsonya yeye. Kwa hiyo hasira yako naijua, na mwandishi hakuombi umsamehe Ilyas. Ila ukikirudisha kitabu leo, Afiya utakuwa umemwacha palepale alipoachwa na kaka yake.

Nikuonye mapema: kitabu hakitamfuata Ilyas. Kitashikana na kijana mwingine, Hamza, naye askari, na utauliza huyu wa nini tena. Vumilia. Ilyas aliona sare na bendera; Hamza ndiye atakayekuonyesha kilichokuwa nyuma yake: viboko, njaa, vijiji vinavyoporwa chakula. Vita ile, Vita Kuu ya Kwanza, huku kwetu ilianza 1914, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kaka wa bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hiyo. Bibi hakuwahi kusema amekufa. Alisema "hajarejea", mpaka naye akazikwa, 1978. Ndiyo maana ukimya wa kitabu kuhusu Ilyas haukunichosha; nilikulia ndani yake.

Kuhusu majina, usichore mti wa ukoo. Nilijaribu nyuma ya kalenda, nikakwama, kwa sababu ukoo wa kitabu hiki ni wa kulea kuliko wa damu. Chora nyumba. Andika Khalifa, yule karani, na mkewe Bi Asha, halafu kila anayeingia kula na kulala pale mwandike chini yao. Utashangaa namna karatasi inavyojaa.

Na hapo Kiswahili chako kitakusaidia. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, kwa hiyo kila ukikutana nalo simama ujiulize ni yupi, au ni jina la heshima tu kwa mtu asiyestahili heshima. Mwenye nyumba aliyemtumikisha Afiya namweka kundi la mwisho. Baadaye atazaliwa Ilyas wa pili, aliyepewa jina la kaka wa mama yake. Huyo mjomba ni mjomba bila ubishi, na mtoto wa umbu lake ndiye atakayekwenda Ujerumani kumuulizia. Atakachokikuta sikwambii. Nitakwambia tu kwamba sura za mwisho ni fupi mno kwa uzito wake. Hilo bado nalilalamikia.

Soma jioni, kurasa chache, usianze na sehemu ya vita ukiwa umelala kitandani.

Kaka yako wa Lushoto kama Kiingereza kinamchosha, mpe Peponi, riwaya ya Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Nayo ina kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Msome kila mtu chake, kisha mpigiane simu. Na hicho cha kuazima kitoe juu ya friji leo. Mvuke wa jikoni unakunja karatasi, na mwenyewe atakuuliza.