Kuhusu hiyo loji uliyoniuliza

Mwanangu, mbukwenyi. Sisi huku wazima, mama yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linaachia, na mizabibu ya Mpunguzi tumeshapogoa tunasubiri. Meseji yako niliiona juzi usiku nikaisoma mara tatu, nikasema hii siijibu kwa voisi maana simu yangu spika yake inasikika mpaka kwa jirani, na humu ndani tayari nimeshaharibu.

Nimeharibu hivi. Wewe umeniandikia, "Baba, yule bosi wangu wa zamani kumbe ni Frimasoni, anataka anipeleke loji yao hapa Dar, anasema ni watu wa maadili na kusaidiana, na wewe uliwahi kufanya kazi kwao, je niende? Na hayo ya kafara ni kweli?" Mimi bila kufikiri nikamwambia mama yako mtoto kaalikwa loji. Loji kwa huku kwetu unaijua ni nini. Mama wa watu kaacha mlenda wake kwenye ungo kaanza kumlilia mkwe wake, eti ndoa ina miaka minne tu umeshaanza kuzunguka magesti. Nikamwambia tulia, sio loji hiyo, ni ya Frimasoni. Kanyamaza kidogo, akasema bora ingekuwa gesti.

Basi ndio nimetoka nje nakuandikia chini ya mwarobaini, hapa simu inashika vizuri.

Kwanza tuweke sawa, mimi sikufanya kazi kwao. Kati ya 1988 na 1991 nilikuwa mhudumu kwa mama mmoja Dar aliyekuwa anapika chakula cha shughuli, harusi, vikao, misiba, akiitwa anakwenda, na sisi vijana wanne tumekaa nyuma ya pikapu tumeshikilia masufuria yasimwagike. Mara kadhaa tuliitwa kwenye jengo la Frimasoni kule mjini. Siku ya kwanza niliogopa mpaka nikaazima rozari kwa mwenzangu nikaivaa ndani ya shati, na mimi ni Muanglikana wa Mvumi hata kuisali siijui.

Kikao chenyewe sikukiona na hakuna mhudumu anayekiona. Mlango unafungwa, na nje anasimama mzee mmoja na upanga, kazi yake kuhakikisha haingii mtu asiye wao, hicho ni cheo kabisa kwenye loji na ni cha tangu zamani. Huyo mzee ndiye nilikuwa nampelekea chai, anaupumzisha upanga ukutani anakunywa, anauliza habari za nyumbani, anauliza Dodoma mvua imenyesha. Hofu yangu iliishia hapo nusu, maana jini gani linaulizia mvua ya Dodoma.

Wakimaliza ndio wanakuja mezani. Nilitegemea damu nikakuta wanataka pilau. Kuna Mhindi hali nyama huyo awekewe sambusa za mboga, kuna Muislamu hagusi pombe huyo maji ya machungwa, kuna Singasinga na kilemba chake, Mzungu, na Waafrika wachache, wote meza moja wanataniana. Ila kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo ni glasi. Walikuwa na glasi zao fupi, kitako kinene kizito, mimi ndiye nilikuwa nazisuuza. Nikauliza mbona kitako hivi, nikaambiwa subiri. Baadaye wakaanza kunyanyua glasi kwa heshima ya huyu na yule, kila wakimaliza wanazigonga mezani kwa mpigo mmoja, paa, kama bunduki, sinia langu nusura lianguke. Saa tatu usiku kamili wanamkumbuka mwenzao asiyekuwepo. Na mwisho kabisa yule mzee wa mlangoni ndiye anayesema la kufungia, anawaombea Wafrimasoni wote maskini na wenye shida popote walipo duniani wapate nafuu haraka. Mlinzi wa mlango ndio anapewa neno la mwisho, na neno lenyewe ni la maskini. Nilisimama na bakuli la chumvi mkononi nikasahau kuliweka.

Sasa hayo ya utajiri. Huku Dodoma nguzo za umeme zimejaa karatasi, jiunge na Frimasoni upate gari na nyumba ndani ya siku kadhaa, na namba ya simu chini. Jirani yetu mmoja alipiga. Akaambiwa atume laki moja na themanini ya fomu, akatuma, akaambiwa elfu sabini ya pete, akatuma, alipoambiwa hela ya kumsafirisha mjumbe wa kuja kumwapisha ndio akaja kuniuliza mimi kama nauli inafaa iwe vile. Hao ni matapeli tu. Frimasoni wa kweli habandiki karatasi kwenye nguzo, kwao mtu anaingia kwa kujuana, anatajwa na mwanachama, wa pili anamuunga mkono, kisha wengine wanapiga kura ya siri kwa vigololi vyeupe na vyeusi, vyeusi vikizidi kiwango hupiti na huambiwi nani kakukataa.

Na ukishakubaliwa, siku ya kuingia unatamka mwenyewe kwamba hukuja kutafuta faida. Tena wanakuvua fedha na kila chuma mwilini, hata saa. Halafu katikati ya ibada yao, wewe hata senti huna, wanakuomba mchango wa maskini. Unababaika, unatafuta mfukoni hakuna kitu. Wanakuambia hali uliyonayo dakika hii ndiyo aliyonayo mwenzako asiye na kitu, uikumbuke siku utakayokutana naye nawe una uwezo. Hili sio siri nakuvujishia, limeandikwa kwenye vitabu miaka mingi. Kwa hiyo anayeingia ili awe tajiri anaanza na uongo mlangoni, na uongo wenyewe anauapia.

Tena angalia yule mzee Andy Chande, aliyekuja kuwa mkuu wao Afrika Mashariki nzima. Kakulia Bukene, Tabora huko, kwenye biashara ya baba yake, familia ikawa na vinu vya kusaga. 1967 likaja Azimio la Arusha vinu vikataifishwa, na serikali ileile ikamwambia kaa hapohapo utuendeshee, akakaa, akaendesha shirika la umma la usagishaji. Alifariki 2017 akiwa na heshima zake. Ila hilo jini la utajiri mbona 1967 halikuzuia hata kinu kimoja?

Hayo mengine ya skweya na bikari unayoyaona kwenye pete zao, baba yako mdogo ambaye ni fundi angekueleza vizuri kuliko wao. Timazi, pimamaji, skweya, mwiko, ni vifaa vilevile vya saiti. Walianza na mfano wa waashi waliojenga makanisa makubwa ya Ulaya, na loji za London zikaungana kuwa chama kimoja 1717. Timazi wanakuambia simama wima kwenye mwenendo wako, pimamaji kwamba wote mko usawa mmoja hata kama mwenzio ni jaji na wewe ni karani, mwiko wa kupaka udongo ni upendo unaoshika tofali na tofali. Aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo. Madaraja matatu, mwanagenzi, fundi mwenza, fundi mkuu. Siasa na mabishano ya dini ni mwiko ndani ya loji (mwiko mwingine huo, usichanganye), ila lazima umwamini Mungu, na kitabu kitakatifu kinakuwa wazi mezani, Biblia au Kurani au Gita kutegemea na waliopo.

Na siri, kila mtu anakimbilia siri. Wewe ulikatwa hospitali kwa hiyo hujui, lakini sisi tulikwenda jandoni porini, na mpaka leo kuna nyimbo za kule mama yako hajawahi kuzisikia kwangu, na yeye ana za kwao hajawahi kuniimbia, tumeishi hivyo miaka thelathini na sita. Kwani kuna ubaya ndani yake? Hakuna. Ukiziimba sokoni Majengo watu watacheka tu. Za Frimasoni naona ni hivyohivyo, namna ya kushikana mikono na maneno ya kutambuana.

Sasa usije ukadhani nakupigia debe. Kuna mambo mawili yananikwaza.

La kwanza ni la mama yako, na hapo hana utani. Nyie nyote mmebatizwa kwake, Wakatoliki. Kanisa lake lilikataza hili jambo tangu 1738 wakati wa Papa Klementi wa 12, na 1983 Roma ikarudia kwa maandishi kwamba Mkatoliki akijiunga yuko kwenye dhambi kubwa na hawezi kupokea komunyo, na 2023 wakasema tena msimamo haujabadilika. Bosi wako anaweza kukuambia Frimasoni sio dini, na kweli wao wenyewe wanasema sio dini, lakini padri hatakusomea maelezo ya bosi wako. Kama komunyo kwako ni kitu, jibu unalo. Kama umeacha siku nyingi na unatudanganya kwenye simu kila Jumapili, hilo nalo ni la kwako, ila usimwachie mama yako alisikie kwa watu.

La pili ni langu, na sijawahi kukuambia. Unakumbuka kikundi chetu cha mtaani, cha kufa na kuzikana, tuna turubai mbili, viti mia na ishirini, masufuria, kila mwezi elfu mbili. Mimi nilikuwa katibu miaka sita. Katiba yetu ilisema asiyelipa miezi mitatu hana haki. Kuna mwenzetu mmoja, fundi baiskeli, alikwama miezi minne, mtoto wake akafa siku ya Alhamisi. Tukakaa kikao usiku uleule tutoe turubai au tusitoe, na baba, mimi ndiye niliyefungua daftari nikasoma jina lake na miezi yake, nikasema sheria ni sheria, leo tukimwachia huyu kesho wote. Wakanifuata. Kesho yake nilikwenda msibani kama mtu binafsi, nikakuta watu wamekaa juani, wameegemea ukuta wanafuata kivuli kinavyosogea, na mama yangu mdogo, mnamjua kwa ukali, akanisogezea ndoo nikalie, hakusema kitu. Fundi mwenyewe alinisalimia vizuri tu. Turubai zetu mbili zilikuwa zimekunjwa stoo kwangu, chini ya kitanda cha wageni, kile unacholala ukija.

Nilijiuzulu ukatibu mwezi uliofuata nikasingizia macho.

Kwa hiyo mtu akiniambia chama chetu ni cha upendo wa ndugu na kusaidiana, mimi siulizi tena kama wana kafara. Najua kwao kuna ada ya mwaka, kuna aproni na mavazi ya kununua, kuna chakula cha kila kikao, na zaidi ya hapo wanachangia mfuko wa misaada. Kwa mshahara wako na hiyo kodi ya Tabata hebu piga hesabu, na wao wenyewe wanasema kwanza familia isiumie ndio uje kwenye loji, kwa hiyo wakikuambia kopa ujue umekosea mlango. Ila la kumuuliza bosi wako mkiwa mmekaa wawili ni hili: kwenye loji yenu, mwanachama wa mwisho kushindwa kulipa mlimfanya nini? Usiulize kwa ujumla, muulize huyo mmoja, jina si lazima. Akikuambia tulimwendea, tukajua ana shida gani, tukamlipia au tukamsamehe, kaa umsikilize zaidi. Akianza kukusomea kanuni, hiyo sauti naijua.

Na umuulize pia kwa nini wewe. Yeye ni bosi wako wa zamani, mnaheshimiana, lakini kama ndani ya moyo unadhani loji itakusogezea ile nafasi unayoililia kazini, mwambie asante bado, kwa sababu ile sehemu ya kutamka hukuja kwa faida ipo palepale inakusubiri na mimi sijakulea ukaape uongo umevuliwa saa.

Mama yako ametoka ananiuliza naandika nini muda wote huu, nimemwambia hesabu za dawa ya mizabibu. Ukija na treni mwezi ujao lete chaja ya simu hii, ya kichwa kipana, hii nimeifunga na rababendi. Na yule fundi baiskeli bado yupo, ile njia ya kwenda Sabasaba, ukipita na gari la mkweo simama umsalimie, mwambie wewe ni mwanangu.