Dawa zinapimwaje? Nimejibu maswali manne leo

Nani alianza haya mambo ya kujaribu dawa kwa watu?
Wengi watakutajia James Lind, daktari kwenye meli ya kivita ya Uingereza, mwaka 1747. Mabaharia fizi zinaoza kwa kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), akachukua 12 wanaoumwa kwa kufanana, chakula kimoja, sehemu moja ya kulala, afu akawagawa wawiliwawili: hawa siki, hawa maji ya bahari (maskini!), wengine wawili machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha ndani ya wiki, ila mmoja wao alisharudi kazini na mwenzake kapewa kazi ya kuuguza waliobaki. Na bado jeshi la majini lilikuja kugawa maji ya limau 1795 huko, yani karibu miaka 50.

Kumpa mgonjwa kidonge kisicho na dawa si uonevu?
Ingekuwa uonevu kama hajaambiwa kwamba inaweza kumtokea. Lakini watu wengine wanapona wenyewe, sasa bila kundi la pembeni lisilopewa hiyo dawa utajuaje ni dawa au ni siku tu zimepita? Kama tayari kuna tiba nzuri, kwa kawaida dawa mpya inashindanishwa na hiyo.

Kwanini nani apate dawa iamuliwe kwa bahati nasibu, daktari si anawajua wagonjwa wake?
Ndo shida yenyewe, anawajua! Atampa yule anayemhurumia, au mwenye nguvu kidogo ili dawa ionekane kali. Uingereza walipojaribu streptomaisini (antibiotiki) kwa TB (matokeo yalitoka 1948) dawa ilikuwa haba, majina ya makundi yakafichwa kwenye bahasha zilizofungwa. Watu 55 wakapata dawa na kupumzika kitandani, 52 kupumzika kitandani tu. Miezi 6 baadae walikufa 4 kwenye kundi la dawa na 14 kwenye lile lingine. Ila vijidudu vikaanza kuwa sugu kwa dawa, ikabidi baadae zichanganywe.

Kuna waliochezewa bila kujua?
Wapo. Tuskegee, Alabama, huko Marekani, kuanzia 1932 wanaume weusi mamia wenye kaswende waliambiwa wana "damu mbaya" wakawa wanatazamwa tu, penisilini ikaja ikajulikana inatibu, wao hawakupewa, mpaka gazeti lilipoanika 1972. Ndo maana leo unapewa karatasi ya ridhaa usome kwanza, uulize, na hata ukishasaini unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.