Maswali ya Wasomaji: Seti ya Snoubodi kwa Dola 150

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sasa ninaishi Aurora, Colorado, ambako wenzangu kazini wamenishawishi nianze kuteleza kwenye theluji kwa snoubodi majira haya ya baridi. Jirani anayehama anauza seti nzima kwa dola 150: ubao wa sentimita 162, vifungo vyake vya kushikia mabuti, mabuti namba 45 na helmeti. Anasema alivinunua vyote kwa zaidi ya dola 900. Mimi nina kilo 68 na ninavaa kiatu namba 43, lakini yeye anashikilia kwamba soksi mbili nzito zitaziba pengo. Je, nichukue? Na je, suruali ya jinzi itafaa kwa siku za mwanzo?

JIBU: Ndugu msomaji, usiichukue seti hiyo kama ilivyo. Bei ni ya chini kweli, lakini katika vitu vinne unavyouziwa, viwili havikutoshi, na cha tatu, yaani helmeti, hakipaswi kununuliwa na mtu yeyote kikiwa kimekwisha kutumika. Kinachobaki kwa dola 150 hizo ni vifungo, navyo vina masharti yake.

Tuanze na mabuti, kwa kuwa ndiyo ningependa yachukue sehemu kubwa ya fedha zako. Unapotaka kugeuka unaegemea kisigino au vidole, na ni buti linalofikisha egemeo hilo kwenye kifungo, kisha kifungo kikalifikisha kwenye ukingo wa ubao. Kisigino kikiinuka ndani ya buti hata kidogo, ubao huchelewa kuitika, nawe utadhani kwamba huna kipaji. Soksi mbili hazitibu hali hiyo; hujikunja, hukuletea malengelenge, na zikibana mguu damu haizunguki vizuri, ukapata baridi kuliko asiyevaa ya pili. Zaidi ya hapo, ndani ya kila buti mna buti jingine laini la sponji ambalo hufuata umbo la mguu wa mwenyewe kadiri linavyovaliwa, kwa hiyo buti la misimu kadhaa limekwisha kufinyangwa na mguu usio wako. Nenda dukani ukajaribu mapya ya msimu uliopita, ambayo hupunguzwa bei hasa kuanzia Machi ili kupisha matoleo mapya (na mara nyingi kinachobadilika katika toleo jipya ni rangi tu). Vaa soksi moja nyembamba ya sufu: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisiondoke mahali pake.

Ubao ni habari nyingine. Hapa mtumba una faida kubwa, na wewe uliyekulia karibu na soko la Kongowea huhitaji kufundishwa kukagua bidhaa kwa mikono. Tatizo la ubao wa jirani yako ni kipimo. Urefu wa snoubodi huchaguliwa kwa uzito wa mtu kuliko kimo chake, na kwa kilo 68 ningetafuta ubao laini wa kati ya sentimita 150 na 156, ambao utakusamehe unapokosea. Ule wa 162 utakuwa mzito kwako kuugeuza. Isitoshe, ikiwa mwenyewe anavaa namba 45, huenda ukawa ubao mpana. Tazama kama herufi W imeandikwa baada ya namba ya urefu. Ubao mpana hutengenezwa ili vidole vya mtu mwenye mguu mrefu visiburute kwenye theluji, lakini mwenye mguu wako hutumia nguvu nyingi kuubinua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Utakapopata wenye kipimo chako, ugeuze juu chini kwenye mwanga mzuri. Mikwaruzo ni ya kawaida, na weupe wa ukavu huondoka ubao ukipakwa nta. Jambo la kuogopa ni jeraha lililozama hadi mti wa ndani ukaonekana, kwa sababu maji huingia humo, huganda, hutanuka, na tabaka za ubao huanza kuachana. Pitisha ukucha pembeni kutafuta mwanya kati ya tabaka, kisha fuata ukingo wa chuma pande zote mbili; kutu nyepesi hutoka kwa kunolewa, lakini chuma kilichopasuka au kubonyea ndani ni sababu ya kumshukuru muuzaji na kuondoka.

Kuhusu vifungo, hakikisha kwamba sahani yake ya katikati inaoana na matundu ya ubao utakaonunua. Mbao nyingi zina mpangilio wa matundu manne, lakini mbao za zamani za kampuni ya Burton zina matatu, na za karibuni zina mfereji mmoja mrefu. Fungua na kufunga kila mkanda mara kadhaa ukiwa umevaa glavu, na uangalie nyufa katika plastiki. Tazama pia saizi, kwa maana vifungo vilivyoshika buti la 45 huenda vikalegea kwenye la 43.

Helmeti inunue mpya, yenye alama ya kiwango cha usalama cha ASTM F2040 au EN 1077. Povu lake gumu hulinda kichwa kwa kupondeka, na likishapondeka kazi yake imekwisha, ijapokuwa kwa nje huoni kitu. Ongeza vikinga vya vifundo vya mikono, ambavyo si ghali: anayejifunza akianguka hutanguliza viganja, na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mara nyingi kwa wanaoanza.

Huna haja ya kuharakisha. Vituo vingi huuza kwa pamoja somo la mwanzo, tiketi ya lifti ya kupandia mlimani na vifaa vya kukodi, nawe ukikodi siku chache utajua kama unatanguliza mguu wa kushoto au wa kulia, na kama mchezo wenyewe unakupendeza. Majira ya kuchipua maduka ya kukodisha huuza mbao zao. Zimetumika sana, lakini aghalabu zimenolewa na kupakwa nta mara kwa mara.

Jinzi iache nyumbani. Pamba hunyonya maji, na anayejifunza hukaa juu ya theluji kuliko anavyosimama. Pale kituo cha theluji cha Loveland, huko Colorado, hata chini ya mteremko uko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, mahali pabaya pa kuwa na suruali iliyolowa. Suruali ya theluji ya mitumba haina ubaya wowote. Chagua yenye mishono iliyozibwa kwa ndani, kisha inyunyizie maji kidogo: yakisimama kama matone, inafaa, yakizama, ifue kwa dawa ya kuzuia maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kupanda milima, kisha uijaribu tena kabla ya kusafiri.