Fremu ya feleji ya zamani na vipuri vya kisasa: pima kwanza, nunua baadaye

Kinachokwamisha kazi ya kufufua baiskeli ya zamani mara nyingi ni milimita mbili tatu. Mtu ananunua magurudumu, kranki (mikono inayobeba pedali) na breki mpya kwa mkupuo mmoja, kisha anagundua gurudumu la nyuma haliingii, breki hazifiki kwenye ringi, na kranki haina pa kufungwa. Fremu ndiyo inayoamua vipuri, kwa hiyo ipimwe yote kabla hata ya senti moja kutoka mfukoni. Venia ya kawaida (kile kipimio cha kubana kitu) inatosha kwa karibu kila kipimo nitakachokitaja hapa.

Kabla ya venia, tumia vidole. Pitisha kidole upande wa chini wa bomba la juu na wa bomba la chini, sentimita mbili hadi tano nyuma ya bomba la kichwa, lile la mbele linalopitisha shingo ya usukani. Ukihisi tuta dogo linalokatiza bomba, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari mwembamba unaolizunguka, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Mfinyo mdogo katikati ya bomba ni suala la sura tu, lakini mkunjo karibu na kiungio ni suala la usalama. Kisha geuza fremu juu chini na ugongegonge kwa ncha ya bisibisi pale kwenye kibomba cha kranki, kile kinachobeba ekseli ya pedali, na mwanzo wa mabomba ya nyuma, maana huko ndiko maji hutuama kwa miaka. Ncha ikizama au sauti ikibadilika na kuwa butu, kutu imekula kutoka ndani na hakuna rangi itakayookoa.

Upana wa nyuma

Pima nafasi kati ya nyuso za ndani za ile midomo miwili inayoshika ekseli ya nyuma. Fremu za zama za gia tano huwa na mm 120, za gia sita na saba mm 126. Habu (vitovu vya magurudumu) za kisasa za baiskeli za barabarani zenye breki za ringi ni mm 130, na za milimani au zenye breki za diski zinazotumia ekseli ya kufungua haraka ni mm 135. Uzuri wa feleji ni kwamba inakubali kupanuliwa ikiwa baridi. Aluminiamu na kaboni hazikubali kabisa, usijaribu.

Kutoka 126 hadi 130 ni mm 2 tu kila upande. Wengi husukuma gurudumu kwa mkono likaingia, na fremu haidhuriki. Ila kila ukipata pancha utapigana nalo, na midomo itabaki imeinama kidogo. Ni bora kupanua vizuri mara moja. Kutoka 120 hadi 130 kupanua ni lazima.

Njia inayopendwa ni fito yenye nyuzi za skrubu mwili mzima, ya M10 (kipenyo mm 10), pamoja na nati na washa, unaizungusha ikisukuma midomo nje. Siipendi. Fito inasukuma pande zote kwa nguvu sawa, na upande dhaifu ndio unaokubali kwanza. Kwa kawaida ni wa kulia, kwa sababu bomba la chini la nyuma limebonyezwa pale ili sproketi ya mbele ipite. Matokeo yake gurudumu linakaa nje ya mstari. Afadhali kupinda upande mmoja mmoja. Laza fremu, pitisha ubao mgumu wa mita moja na nusu au zaidi kati ya mabomba ya nyuma ukiegemea bomba la kiti, kisha sukuma upande mmoja tu, karibu na mdomo wa ekseli. Nenda kidogo kidogo. Feleji hurudi kama springi, hivyo ili kupata mm 2 za kudumu utalazimika kuvuka kipimo kwa mbali sana kabla haijakubali. Pima kila baada ya msukumo.

Uzi wa kushonea ndio unaokuonyesha kama pande ziko sawa. Funga ncha moja kwenye mdomo wa kushoto, upitishe mbele ya bomba la kichwa, urudishe hadi mdomo wa kulia na uukaze. Sasa pima kutoka bomba la kiti hadi uzi, kushoto na kulia. Tofauti ikiwa ndani ya mm 1, endelea na mambo mengine. Ikiwa kubwa zaidi, upande wenye nafasi ndogo ndio unaohitaji kusogezwa nje. Angalia pia kile kijiti kinachounganisha mabomba ya nyuma nyuma ya kranki. Ulehemu wake ukipasuka unarekebishika, lakini ni heri ujue kabla ya kupaka rangi.

Baada ya hapo midomo haitakuwa sambamba tena. Kama huna vifaa maalumu, funga bolti ya M10 kwenye kila mdomo kwa nati mbili ili ncha zake zielekeane katikati. Zisipokutana, pinda mdomo kwa spana kubwa hadi zikutane. Ukiiruka hatua hii ekseli itakuwa inapindishwa kila unapokanyaga, na ekseli za friwili za kuskrubu (sproketi za nyuma zinazofungwa kwa nyuzi juu ya habu) mara nyingi hukatika kwa sababu hiyohiyo. Halafu nyoosha kile kining'inizio cha deraila, kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia. Gia zinazokataa kutulia hata baada ya kubadilisha waya mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Jambo moja husahaulika: ekseli ikishaingia, angalia nafasi kati ya sproketi ndogo kabisa na bomba la juu la nyuma. Cheni lazima ipite hapo na ibaki na mm 2 au 3 za kupumua. Ikigusa, ongeza washa ya mm 1 upande wa kulia wa ekseli, kisha vuta spoku upya ili ringi irudi katikati.

Kibomba cha kranki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana nyuzi za skrubu hazilingani kati ya nchi na nchi. Ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoenea, ina kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi, na kibomba chenye upana wa mm 68. Ya Kiitaliano ni mm 36 kwa nyuzi 24, upana mm 70. Ya Kifaransa ni mm 35 kwa hatua ya mm 1, upana 68. Raleigh nyingi za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi, na kibomba chake huwa cha mm 71 au 76. Usilazimishe kikombe (kile cha skrubu kinachoshika gololi za ekseli) cha nyuzi 24 kwenye nyuzi 26. Kitaingia mizunguko miwili kisha kitaharibu kila kitu. Mara nyingi kipimo kimechongwa kwenye uso wa kikombe cha zamani, futa grisi usome.

Kikombe cha kulia cha mtindo wa Kiingereza hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Cha Kiitaliano na cha Kifaransa hufunguka kinyume chake, kama nati ya kawaida. Kikombe cha Kiingereza kilichoganda kina ujanja wake: pitisha bolti nene kwenye tundu lake kutoka nje, weka washa pana pande zote mbili, kaza nati kwa ndani hadi kikombe kibanwe, kisha endelea kuzungusha kichwa cha bolti kuelekea kulia. Kadiri unavyosukuma, bolti inazidi kukaza na kikombe kinazidi kushikwa hadi kiachie. Kwa nyuzi za kawaida ujanja huu haufanyi kazi, kwa kuwa bolti italegea kabla ya kikombe.

Kranki za kotapini, zile zinazoshikwa kwenye ekseli kwa pini, zikiganda, tumia kibanio au jiriwa kuisukuma pini, usiigonge kwa nyundo. Ukiigonga, gololi zilizomo ndani huchimba vishimo kwenye vikombe. Nyuzi za kibomba zikiwa zimekufa, zipo ekseli za katriji (zinazokuja na beringi zake zimefungwa ndani) zisizohitaji nyuzi, zinazojibana kutoka pande zote mbili, na hizo huokoa hata Raleigh ya nyuzi 26. Urefu wa ekseli fuata maelekezo ya mtengenezaji wa kranki. Kwa sproketi moja mbele, lenga mstari wa cheni, yaani umbali wa sproketi, wa mm 43 hadi 45 kutoka katikati ya bomba la kiti.

Breki na magurudumu

Ukiwa na pesa ya badiliko moja tu, badilisha ringi za chuma ziwe za aluminiamu. Ringi za kromu zikilowa breki huteleza, na hakuna raba ya breki inayotibu hilo kikamilifu. Gia zinaweza kusubiri.

Ringi za zamani za inchi 27 zina kipenyo cha kukalia tairi cha mm 630, na za kisasa za saizi iitwayo 700C ni mm 622. Kwa hiyo raba za breki zitashuka mm 4. Ukitoka kwenye mm 635 za baiskeli za kazi, zitashuka mm 6.5. Weka gurudumu jipya, pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki hadi katikati ya uso wa ringi, mbele na nyuma. Kalipa (mikono ya breki inayobana ringi) fupi hufika mm 39 hadi 49, ndefu mm 47 hadi 57, na zipo zinazofika hata 73. Kalipa za kisasa hutumia nati inayozama ndani ya fremu, na hiyo inataka tundu la mm 8 upande wa nati tu. Upande unaokaa kalipa ubaki mm 6. Kama hutaki kutoboa fremu nzuri, chukua kalipa ya mbele yenye bolti ndefu, uifunge nyuma kwa nati ya kawaida.

Kulehemu vishikio vya diski kwenye foku ya zamani, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ni wazo baya. Breki ya diski husukuma mkono mmoja tu wa foku, karibu na ncha, na mabomba hayo hayakutengenezwa kwa mzigo huo.

Foku nyingi za Kiingereza zina midomo ya karibu mm 8 ilhali ekseli mpya ni mm 9. Piga tupa kuta za pembeni kwa usawa, usiguse sehemu ya juu ya mdomo, la sivyo gurudumu litakaa upande.

Nguzo ya kiti ya aluminiamu iliyoganda itolewe kabla ya rangi. Mafuta ya kupenyeza kwa siku kadhaa, kisha bana nguzo kwenye jiriwa na uzungushe fremu yenyewe. Kostiki soda huyeyusha aluminiamu na kuiacha feleji, lakini inatoa joto na gesi ya hidrojeni inayowaka: glavu, miwani, nje ya nyumba, mbali na moto. Vipenyo vya nguzo mpya hupanda kwa hatua za mm 0.2. Fremu ya Reynolds 531 (feleji maarufu ya Kiingereza ya fremu) yenye mabomba mepesi kwa kawaida hutaka mm 27.2. Ukiweka iliyo ndogo, masikio ya kibanio yatakutana na hatimaye kupasuka.

Kutu ya juu juu huondoka kwa asidi ya oksaliki, gramu 30 hivi kwa lita ya maji, usiku kucha. Ni sumu. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha mara moja. Ndani ya mabomba mimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, zungusha fremu, yachuruzike siku mbili. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje au uviloweke majini, maana vikikunjwa pamoja hujiwasha vyenyewe. Ukimpa mtu wa kupuliza mchanga, mwambie kuta za mabomba zina unene wa chini ya mm 1 katikati, atumie mchanga laini na shinikizo dogo, na azibe nyuzi zote. Rangi huja baada ya kupanua, kunyoosha na kufunga vipuri vyote kwa majaribio.

Kwa gia, tahadhari moja: deraila za Shimano za milimani za gia 9 hufanya kazi na leva nyingi za barabarani za gia 8, 9 na 10, ila za milimani za gia 10 hazilingani na leva za barabarani. Leva ya msuguano ya zamani, isiyo na hatua za kubofya, haijali lolote kati ya hayo, huvuta kaseti (fungu la sproketi za nyuma) yoyote, na ndiyo ninayoiacha kwenye bomba la chini mara nyingi.

Bolti za kranki za ekseli ya mraba kaza kwa Nm 35 hadi 50 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na uzirudie baada ya kilomita 50 za mwanzo. Kranki ya aluminiamu ikiendeshwa imelegea hata safari moja, tundu lake la mraba hupanuka na haitakaza tena.