Faiba imefika sebuleni, mbona chumbani haishiki?

Nalipia kifurushi cha 20 Mbps, lakini nikipakua faili kompyuta inaandika 2.4. Naibiwa? (Tabata)

Huibiwi. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, kompyuta yako inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8, unapata 2.5. Hicho kidogo kilichopungua huliwa njiani, ni kawaida. Ukitaka kupima kwa haki, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na uzime tivii na simu za wengine kwanza. Ukipima kwa simu ukiwa jikoni, unapima kuta zako.

Sebuleni inakimbia, chumba cha nyuma hakuna kitu. Nipandishe kifurushi? (Arusha)

Hela itapotea bure. Kuta za tofali za saruji na zege lenye nondo hunyonya mawimbi. Waifai ya 5 GHz ina kasi lakini huchoka baada ya ukuta mmoja au miwili, ya 2.4 GHz inafika mbali zaidi, ila mnagombania na majirani. Anza kwa kuitoa ruta nyuma ya tivii, mahali mafundi wanapopenda kuiacha kwa kuwa waya wao unaishia hapo. Iweke juu, wazi, karibu na korido.

Bado haishiki? Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vya kuongeza mawimbi ni rahisi, lakini vyenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu, kwa hiyo kasi hushuka karibu nusu. Bora uvute waya wa mtandao, aina ya Cat5e, hadi chumbani na uweke ruta ya pili, hata kuukuu. Fundi afunge nyaya zote 8 kwenye plagi. Akifunga 4 tu, kasi haitavuka 100 Mbps.

Kabla ya kuziunganisha, ingia kwenye ruta ya pili peke yake kwa kompyuta. Ibadilishie anwani: kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.254, alimradi namba hiyo haimo kwenye zile ruta kuu inazogawa. Zima DHCP, yaani kazi ya ruta ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta. Weka jina la waifai na nywila zilezile za ruta ya kwanza, ila kwenye 2.4 GHz chagua chaneli tofauti na yake kati ya 1, 6 na 11. Mwisho chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa LAN, usiguse lililoandikwa WAN. Wengi husahau DHCP: ruta mbili zinaanza kugawa anwani, simu inaonyesha waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka, na lawama zinaenda kwa kampuni.

Taa ya LOS inawaka nyekundu. Nibonyeze reset? (Mombasa)

Hapana! Reset inaweza kufuta mipangilio ya kampuni, na hapo utakuwa na matatizo mawili. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa. Angalia kama waya mwembamba wa faiba umebanwa na kochi, umekunjwa kona kali au umeguguniwa na panya. Plagi yake, mara nyingi ya kijani, isukume hadi ilie "ka". Usiifute kwa kitambaa wala kuchungulia ndani. Mwanga ule hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Taa isipobadilika, piga simu.

Umeme ukikatika, pawabenki inaweza kuendesha ruta? (Mwanza)

Soma adapta. Ikiandikwa 12V 1A, ruta inaweza kuhitaji hadi wati 12. Tundu la kawaida la USB la 5V 2A hutoa wati 10, na waya wa kupandisha volti nao unakula chake. Ndiyo maana ruta inawaka, inazima, inawaka tena. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba: volti zilingane kabisa na za adapta, ampea zilingane au zizidi. Kama kifaa cha faiba na ruta ni viwili tofauti, vyote viwili vinahitaji umeme.

Taa zote kijani, waya ni mzima, lakini mtaa mzima unalia. (Mombasa)

Huenda tatizo liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika, intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Fungua ukurasa wa ruta yako, 192.168.1.1 au namba iliyoandikwa chini yake. Ukifunguka haraka, nyumbani kwako kuko sawa. Subiri.