Laptopu ya zamani kutoiona Wi-Fi

Dada uliyeuliza kama ununue kadi mpya ya Wi-Fi (kipande cha ndani ya laptopu kinachoshika mtandao), usinunue kwanza. Simu kuiona Wi-Fi na laptopu ya 2010 isiione, mara nyingi ni kwa sababu ruta mpya (kifaa kinachorusha Wi-Fi) inarusha masafa ya GHz 5 peke yake, na kadi nyingi za miaka ile zinashika GHz 2.4 tu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa 2.4, ipe jina lake tofauti. Ikionekana halafu ikagoma kuunga ingawa nywila ni sahihi, badilisha kwenye ruta aina ya usalama wa Wi-Fi kutoka WPA3 (ya kisasa) iwe WPA2 (ya kabla yake).

Natengeneza laptopu hapa Darajani, Unguja, na hili naletewa sana. Ila kabla hujagusa ruta, pitisha kidole ubavuni na mbele ya mashine: nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuzimia Wi-Fi, husogezwa na mkoba mtu asijue. Mmoja alinijia nayo kutoka Bububu, nikaisukuma swichi kwa ukucha, ikashika pale pale.

Kasi ya 2.4 ni ndogo kuliko ya 5, lakini kwa kuta nene za mawe za Mji Mkongwe ndiyo inayopenya vizuri.